Kupima uchakavu wa aloi kwenye joto kali

Mashine mnayoiona ina kisahani kinachozunguka, mkono wenye mzigo, na tanuri dogo lililofunika vyote viwili. Kisahani ni aloi ya nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyingine. Tutakisugua kwa gololi ya alumina, kauri ngumu, kwenye nyuzi 600 za Selsiasi.

Kwanza kipige msasa hadi ukwaruzo wa uso usizidi mikromita 0.8, kisha kioshe kwa asetoni. Kikishakauka, vaa glavu. Mafuta ya vidole yataungua mle ndani na kuharibu uso.

Kifunge, weka gololi milimita 5 kutoka katikati, iinue kidogo, uwashe tanuri. Kioo kikionyesha 600, usiharakishe! Hiyo ni hewa ya tanuri, chuma bado hakijafika. Kiache nusu saa au zaidi, halafu kagua tena kama mkono umelala sawa, maana mhimili umetanuka kwa joto.

Sasa shusha gololi kwa mzigo wa nyutoni 10, kisahani kizunguke mara 191 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya mita 0.1 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja itachukua karibu saa 2 na dakika 47. Angalieni mchoro wa msuguano: mwanzoni unarukaruka, kisha kwa baadhi ya aloi unashuka na kutulia. Vumbi la oksidi limeshindiliwa likawa tabaka gumu linalokinga chuma. Usisimamishe mashine katikati ili uchungulie. Kikipoa, tabaka hilo linaweza kupasuka.

Muda ukiisha, inua gololi kabla ya kuzima tanuri, na mlango usifunguliwe mpaka kipoe.

Wengi hapa hukimbilia mizani. Kwenye joto hili mizani inadanganya: chuma kimeshika oksijeni, na kisahani kinaweza kutoka kizito kuliko kilivyoingia. Pima mfereji wenyewe uliochimbwa na gololi kwa profilomita, kifaa kinachochora umbo la uso, sehemu nne za duara, upate wastani wa eneo la mkato. Tuseme ni milimita za mraba 0.002. Zidisha kwa mzingo wa milimita 31.4: ujazo ni milimita za ujazo 0.0628. Gawanya kwa nyutoni 10, kisha kwa mita 1,000. Jibu, yaani kiwango cha uchakavu, ni milimita za ujazo 0.0000063 kwa kila nyutoni-mita.

Geuza na gololi uiangalie kwa hadubini. Ikiwa imelika bapa, nayo ipimwe, na kisahani kinachofuata kipewe gololi mpya.