Lenzi ya 600 sio ya vitu vya mbali

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongelea hizi lenzi ndefu za zumu, zile za milimita 150-600, 200-600, 100-500 na ndugu zao (namba ikiwa kubwa lenzi inavuta zaidi), ambazo ukitoka nayo mtaani kila mtu anageuka kukuangalia. Kabla Tamron hawajatangaza ile 150-600 yao mwaka 2013, milimita 600 zilikuwa mambo ya watu wa magazeti na wenye hela zao, mwaka uliofuata Sigma wakaleta mbili kwa mpigo, 2015 Nikon wakaja na 200-500, na tangu hapo hata mtu wa kawaida anaweza kujibana akapata moja. Sasa naanza na kitu ambacho wengine hapa hamtakipenda: hii lenzi sio ya kupiga vitu vilivyo mbali. Najua, ndo maana mlinunua. Subirini nieleze.

Simba yuko mita 400. Utampata kwenye fremu, ndiyo, lakini kati yako na yeye kuna hewa ya mita 400, na jua likishapanda ile hewa inachemka juu ya ardhi, yale mawimbi unayaonaga juu ya lami saa saba mchana. Lenzi ikimvuta simba inayavuta na hayo mawimbi. Mtu anafika nyumbani anafungua kwenye kompyuta anakuta manyoya yote yamevurugika, anaanza kulaumu otofokasi, ile fokasi inayojiweka yenyewe, anaipeleka kwa fundi, fundi anamwambia haina tatizo, anagombana na fundi. Jamani, hakuna lenzi inayotibu hewa ya moto, hata ile ya bei ya gari. Piga asubuhi mapema au jioni, na sogea karibu, basi. Na kama uko kwenye gari zima injini, usipige kupitia juu ya boneti iliyopata moto. Alafu lenzi ikitoka kwenye joto kuingia kwenye baridi iache kwanza ipoe, hata hudi, ile kofia ya mbele ya kuzuia jua, ivue, maana hewa ya moto inajifungia mle ndani ya hudi na picha zinakuwa laini bila sababu unayoiona.

Sasa kazi yake ni ipi? Kazi yake ni kuchukua kitu kilicho karibu kiasi na kukijaza kwenye fremu. Hesabu yake nyepesi tu: sensa ya fulu fremu, ile yenye ukubwa wa filamu ya zamani, ina upana wa milimita 36, gawa kwa 600, zidisha na umbali. Mita 100 fremu yako ina upana wa mita 6 na kimo mita 4. Ndege wa ukubwa wa kiganja ndani ya mita 6, si kadoti hako? Mita 10, upana ni sentimita 60, hapo sasa unahesabu manyoya moja moja. Ndo maana wale wanaopiga ndege wadogo vizuri sio lazima wana lenzi ndefu kukuzidi wewe, wanajua kukaa chini kwenye kificho, wanatulia, mpaka ndege anawazoea anakuja mwenyewe. Na wenye kropu sensa, ile ndogo kuliko fulu fremu, mkiambiwa 600 yenu ni 900, au 960 kwa Canon, sawa, lakini lenzi haijarefuka, ni pembeni tu pamekatwa, hewa ya kati ni ile ile.

Ukishasogea linakuja tatizo lingine, tamu kidogo hili. Kina cha fokasi, yaani ile sehemu ya mbele mpaka nyuma inayotoka kali. Kwa 600 na apecha (tundu la kuingiza mwanga) ya f/6.3, kitu kikiwa mita 20 sehemu iliyo kali ni kama sentimita 40 hivi. Mita 10 inabaki kama 10 tu. Kumi! Korongo akikugeuzia uso mdomo unaweza kuwa mkali na jicho limeshapotea, na picha ya mnyama bila jicho mi siihesabu kama picha. Kamera za sasa zinatafuta jicho zenyewe na zinafanya kazi nzuri sana, ila kukiwa na majani mbele zinadanganyika, zinashika jani, kwaiyo jifunze kuhamia kwenye pointi moja haraka bila kushusha kamera usoni. Na kile kiswichi cha pembeni cha kuzuia fokasi isirudi karibu, watu wengi hawakigusi kabisa, kumbe ukijua kitu chako kiko zaidi ya mita 10 ukikiweka hapo lenzi haiendi kutangatanga huko karibu wakati tai anapita.

Spidi ya shata nitapita haraka. Ile kanuni ya zamani kwamba 600 ipigwe 1/600 ya sekunde au haraka zaidi ni ya kutuliza mikono yako, sio ya kumtuliza mnyama. Stebilaiza, ile ya kupunguza mtikisiko, nayo ivo ivo, inashika mikono tu. Ndege anaruka nenda 1/2000, wale wadogo wenye haraka 1/3200, mchezaji anakimbia 1/1000 ndo mwanzo, mnyama kasimama unaweza kushuka 1/500 na chini ya hapo. ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, ikipanda 6400 iache ipande, chengachenga zinasafishika, picha iliyotikisika haisafishiki.

Hapo hapo niwaambie ukweli kuhusu mwanga. f/6.3 ukilinganisha na f/2.8 inaingiza mwanga mdogo mara tano. Mechi ya usiku chini ya taa, mwenzako mwenye f/2.8 yuko ISO 3200, wewe kwa spidi ile ile uko 16000. Sio kwamba huwezi, unaweza, ila usije ukasema sikukwambia. Mchana kwenye jua hiyo tofauti wala huihisi.

Sasa zumu yenyewe. Naona watu wanaizungusha mpaka 600 inabaki hapo siku nzima, sa si ungenunua ya kudumu, isiyozumu, tu? Uzuri wa zumu ni kurudi nyuma. Chukua mpira wa miguu. Uwanja wa mechi kubwa ni mita 105 kwa 68, umekaa nyuma ya mstari wa goli karibu na kona. Mpira ukiwa goli la kule ni zaidi ya mita 100, achana nao, pumzisha mikono, kule utapata visogo na migongo. Ukivuka katikati kuja kwako ndo unaamka: mita 50 na 600 una fremu ya mita 3 kwa 2, mchezaji mmoja na mpira, safi. Anakuja mita 20, unarudi 150, fremu ni karibu mita 5 kwa 3, anaingia yeye, beki na hasira zao. Mwenye 600 ya kudumu saa hiyo anapiga goti la mtu. Na kaa chini, kaa chini kabisa, ukipiga umesimama mandhari ya nyuma inakuwa nyasi tupu na wachezaji wanaonekana wafupi.

Kwa ndege anayeruka ni hivyo hivyo, mtafute ukiwa 200, ukishampata mfuate huku unazumu. Ukianza na 600 unatafuta anga yote na yeye keshaondoka. Hapa zile ambazo hazirefuki, kama 200-600 ya Sony na 180-600 ya Nikon, zinakupa raha kwa sababu uzito hauhamii mbele ukizungusha, zile zinazorefuka zinahama na nyingine ukiinamisha zinashuka zenyewe, ndo maana zimewekewa loki.

Na upepo! Hiki watu hawakisemi. Ndege anapenda kuruka na kutua akielekea upepo unakotoka. Kwaiyo upepo ukiwa mgongoni kwako, na jua mgongoni pia, anakuja uso kwa uso na wewe. Hiyo peke yake inashinda lenzi mpya. Ila akianza kukuangalia sana, akaacha kula, akainuka, ushasogea kupita kiasi, rudi. Kwenye viota msiende kabisa.

Maswali. Tripodi? Kwa ndege wanaoruka mi naona inakufunga, labda iwe na kichwa kile cha kuyumba kila upande. Uwanjani monopodi, ile ya mguu mmoja, lenzi ya kilo mbili na ushee dakika 90 mikononi utaacha kupiga kabla ya kipindi cha pili. Kwenye gari weka mfuko wa nafaka dirishani. Ile pete ya mguu wa lenzi ilegeze, ndo unageuza kamera wima bila kuhangaika.

Dada pale? Telekonvata, kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi kuongeza mvuto. Ya 1.4 inageuza f/6.3 yako kuwa f/9, otofokasi inachoka, mwanga unapungua nusu, na hewa unaivuta zaidi. Kwa hizi zumu mi nasema piga bila yake alafu kata kwenye kompyuta, labda mwezi uwe ndo unaupiga. Ya mara mbili hata usiniulize.