Mbishi Hushinda Kiangazi

Mhadhara uliotolewa Dodoma mwishoni mwa Novemba, mbele ya vijana wapiga picha na wanafunzi wa jiografia

Mbukwenyi! Nashukuru. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Na nyie vijana mliobanana kule chini ya feni, mambo vipi?

Mwenyekiti amenitambulisha kwa heshima kubwa, eti mfuatiliaji wa dhoruba. Mtaani kwetu hawasemi hivyo. Mtaani naitwa Chizi Mawingu. Watoto wakiona nawasha gari mchana wa jua kali, wanapiga kelele, "Chizi Mawingu anaenda kulowa!" Nimezoea. Sikuzoea mwaka wa kwanza, na ndiyo maana nimekubali mwaliko huu.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: asubuhi nasoma hali ya hewa, nakadiria wingu la radi litainukia wapi jioni, naendesha gari hadi huko, nalisubiri, nalipiga picha. Wamarekani wana wazee wao wa shughuli hii. David Hoadley wa North Dakota alianza mwaka 1956, na kule wanachofuata hasa ni tonado, ule mrija wa upepo unaoshuka kutoka winguni. Sisi hatuna haja ya tonado. Tuna radi, tuna mvua ya mawe, tuna upepo unaobeba mabati, na tuna korongo kavu linalogeuka mto wakati wewe ulipo hata tone halijadondoka.

Nimeombwa nizungumzie wakatishaji tamaa. Nitaanza na hesabu, msikunje uso.

Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni siku 153, na siku hizo mbingu imefungwa kama duka la mtu aliyehama. Sasa chukua mtu asiyejua lolote, mpe kiti nje ya genge, kila asubuhi aseme, "Leo hainyeshi." Anamaliza kiangazi akiwa na alama zake karibu zote, bila jasho. Hata msimu ukianza anaendelea kuokota alama, kwa sababu mvua yetu si ya kila siku, na ikinyesha Area C, Nkuhungu wameanika nguo. Huyo ndiye mbishi wa Dodoma. Anashinda kiangazi, halafu anakuja na ushindi huo kubishana nawe Januari.

Msidhani ni jambo la hapa tu. Mwaka 1884 kulikuwa na mwanajeshi wa Marekani, John Finley, aliyejaribu kutabiri tonado. Alitoa utabiri 2,803, kila mmoja ukisema kama eneo fulani litapigwa au halitapigwa. Akatangaza kwamba amepatia kwa asilimia 96.6. Wenzake wakakaa na kalamu. Wakaona kwamba mtu ambaye angesema "hakuna tonado" kila siku, kila mahali, bila kuangalia hata dirishani, angepatia asilimia 98.2. Mbishi kamshinda mtaalamu!

Hapo wengi huishia kumcheka Finley. Mimi nawaomba tuzitazame tena zile namba. Tonado zilitokea mara 51. Finley alizitabiri 28. Mbishi mwenye asilimia 98 alitabiri ngapi? Hata moja. Finley alikosea vibaya upande wa pili, mara 72 alisema itakuja na haikuja, na hilo lazima alibebe. Lakini siku ambazo mkulima angehitaji kujua akimbilie wapi, mbishi hakuwa na neno la kumwambia.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mimi mbona huwa napatia," muulize anapatia siku zipi.

Mimi na nyie tunajiulizaje swali hilo hilo? Kwa hili hapa. (Naomba mlishike mkalipitishe nyuma, lina tope lakini linasomeka.) Ni daftari la kurasa mia, la dukani. Kila siku ya msimu, kabla ya saa mbili asubuhi, naandika mstari mmoja: wapi, saa ngapi hadi saa ngapi, na nina uhakika kiasi gani kwa kumi. Usiku naujaza. Nilisema itakuja, ikaja. Nilisema itakuja, haikuja. Nilisema haiji, ikaja. Nilisema haiji, haikuja. Hiyo safu ya nne siihesabu sana, ni ya mbishi. Sharti ni kalamu ya wino, na iwe kabla. Utabiri ulioandikwa jioni ni hadithi.

Msimu wa kwanza daftari liliniaibisha. Mahali nilipoandika "tisa kwa kumi" nilikuwa napatia zaidi kidogo ya nusu. Maana yake tisa yangu ilikuwa tano. Sasa hivi nikijisikia tisa naandika sita, na sita hiyo hata mje kumi kunicheka, siiondoi.

Kuna anayejiuliza naandika kwa kuangalia nini. Picha za setilaiti, ndiyo, na taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ndiyo ya kwanza kusoma. Naangalia kama Ukanda Mvua, ule mkanda wa mawingu unaohama kaskazini na kusini kulifuata jua, umeshuka hadi kwetu, kama upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo umetufikia. Lakini kipimo ninachokipenda kuliko vyote unaweza kukikokotoa ukiwa unakunywa chai. Chukua joto la hewa, toa kipimo cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo inaanza kuachia maji. Tofauti yake zidisha kwa mita 125. Unapata takriban kitako cha wingu kitakaa juu kiasi gani kutoka ardhini. Hewa ikiwa nyuzi 31 na umande 13, tofauti ni 18, kitako kiko mita 2,250. Hewa 29 na umande 19, kitako kinashuka hadi mita 1,250.

Mbona ni muhimu? Wote hapa mmeona mambo ya mwezi huu. Jioni wingu jeusi linakuja, mvua unaiona kwa macho inaning'inia, kama pazia ambalo fundi alikosea vipimo akalikata fupi. Haifiki chini. Inayeyukia kwenye hewa kavu, hewa ile inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka na kutawanyika, na wewe unapata vumbi la kutosha kuharibu chakula cha jioni. Mbishi anasema, "Si nilikwambia?" Lakini kama uliandika "kitako juu, upepo mkali, vumbi, bila mvua," wewe ndiye uliyepatia. Atakayeachwa mdomo wazi ni aliyekuuliza mvua tu.

Sasa niwasimulie Bahi, maana bado inaniuma.

Ilikuwa Januari. Asubuhi niliandika: radi kati ya Bahi na Kintinku, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, sita kwa kumi. Nikapita kijiweni kunywa chai. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, akaniambia, "Ndugu yangu, mawingu yametanda tangu alfajiri. Ardhi haitapata moto. Bila moto utainua nini?" Hiyo ni hoja safi kabisa, na ni kweli mawingu ya asubuhi huua mawingu ya jioni. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwenye setilaiti kwamba pazia lile la mawingu lina mwisho wake, na kufikia saa sita litakuwa limepita bonde la Bahi. Nilimjibu hivyo, akatikisa kichwa, akakubali kwamba huenda. Wengine hawakuwa na hoja. Walikuwa na kicheko tu na swali la nani ananilipia mafuta.

Nikafika Bahi, nikaegesha kando ya majaruba ya mpunga. Saa sita pazia likapita kama nilivyotarajia. Saa tisa, jua. Saa kumi, vijiwingu vidogo vinavyoinuka na kusambaratika. Saa kumi na nusu mbingu ikawa nyeupe, nyeupe ile isiyo na ahadi. Simu ikalia. "Vipi, Chizi, umelowa?" Na nyuma ya sauti ile nasikia kijiwe kizima kinacheka, hadi muuza chai.

Nikawasha gari, nikarudi.

Nilikuwa nusu ya njia kurudi mjini nilipoinua macho kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yangu, juu ya Kintinku, lilikuwa limesimama wingu moja tu. Kingo zake zilikuwa kali kama zimechongwa kwa patasi, na kingo za namna hiyo ndizo dalili kwamba hewa bado inapanda kwa nguvu. Juu lilikuwa limeanza kulala, limetandaza kilele bapa kama fuawe ya mhunzi. Nilisimamisha gari. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini. Nikafungua daftari kwa mkono unaotetemeka, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: hadi saa kumi na mbili.

Picha niliyonayo ya siku ile ni ya kioo cha gari. Utabiri ulipatia, mtabiri hakuwepo. Na hakuna aliyenifukuza Bahi kwa hoja. Yule dereva mwenye hoja nilimjibu. Walionirudisha ni wale waliokuwa na kicheko.

Lakini msinielewe kwamba nawafundisha ukaidi. Kuna siku nyingine nilikuwa na nane kwa kumi kwa Kibaigwa. Nikasimama Chinangali kununua zabibu. Mama aliyeniuzia akaniuliza naenda wapi, nikamweleza kwa majivuno kidogo, nakiri. Akasema, "Mwanangu, upepo umehama tangu saa tano. Ona moshi wa jiko langu." Nikaona. Asubuhi upepo ulitoka kaskazini mashariki, sasa moshi ulikuwa unainama kuelekea kaskazini magharibi, maana yake hewa kavu ya kusini mashariki imeingia. Nikamshukuru, nikapanda gari, nikaenda kukaa Kibaigwa hadi magizani nikihesabu malori ya mahindi. Narudi, yuko anafunika meza yake. Akaniambia "pole" tu. Hakucheka. Nimeandika siku ile safu ya pili, na pembeni nikaongeza: "Moshi."

Hivyo kwa mbishi yeyote nina swali moja: kwa nini? Akiwa na jibu, nalipima na lililo daftarini, hata kama anayejibu hajawahi kuona picha ya setilaiti. Asipokuwa na jibu, namwagizia chai.

Na tusiwaonee wataalamu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kinakuja pwani yetu, tahadhari ikatolewa, kikadhoofika kabla ya kufika. Vichekesho vikatembea kwenye simu wiki nzima. Mei 2024 kikaja Hidaya, barabara ya kusini ikakatika kule Lindi. Vichekesho vya Jobo havikumvusha abiria hata mmoja.

Kuna watu wawili ninaowafikiria nikiwa peke yangu garini, Ernest Fawbush na Robert Miller. Walikuwa watabiri kwenye kambi ya ndege ya Tinker, Oklahoma. Tarehe 20 Machi 1948 Miller alikuwa zamu, akasema usiku kutakuwa na upepo tu. Tonado ikapita katikati ya kambi, ikavunja ndege. Jenerali akawaambia watafute namna ya kuitabiri. Kumbukeni, baada ya mambo ya Finley neno tonado lilikuwa mwiko katika utabiri wa serikali kwa miongo kadhaa. Tarehe 25, siku tano baadaye, ramani zikaja zinafanana na za siku ile. Jenerali akawauliza kama wataandika tonado. Nani anataka kutabiri kwamba kitu kile kile kitapiga pale pale ndani ya wiki? Wakaandika. Ndege zikaingizwa ndani, watu wakaondolewa. Jioni wingu likakaribia, viwanja vya jirani vikaripoti hakuna kitu cha kutisha. Miller akaenda nyumbani amenyong'onyea, akawaza kutafuta kazi nyingine. Huko nyumbani ndiko akasikia redioni kwamba tonado imepiga Tinker.

Nampenda kwa kule kunyong'onyea. Utabiri wao ukaandikwa, ukatoka, na bado aliumwa tumbo kama mimi.

Mambo mawili ya haraka, muda umekwisha. Kwanza, vijijini. Zamani mtemi wa Ugogo ndiye aliyeshika mawe ya mvua, na mvua hapa si jambo la mzaha. Ukisimamisha kitu chenye miguu mitatu ukakielekeza winguni, na wingu likasambaratika, utaambiwa umefunga mvua. Huyo si mbishi, huyo ana shamba. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, salimia, waonyeshe picha, mpe mtoto aangalie kwenye kamera.

Pili, utabiri wa daftari ni wa safari yako. Usiusambaze kwenye magrupu kama tahadhari, hiyo ni kazi ya TMA. Na radi haisomi daftari: ukiona mwanga, hesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde thelathini, iko ndani ya kilomita kumi. Ingia kwenye gari la bati, funga vioo. Pikipiki haihesabiki, mbuyu ndio kabisa usiusogelee.

Maswali. Dada wa shati la njano kanyoosha mkono tangu nilipomtaja dereva wa lori, na naona anataka kubisha. Karibu, dada. Anza na kwa nini.