Maumivu ya Neva: Msikazie Macho Mguu Peke Yake

Ndugu zangu, nimelisema hili katika kumbi nyingi, na wanaonijua naona wameshaanza kutabasamu. Vumilieni.

Mgonjwa wa kisukari anakuambia nyayo zinawaka moto, usiku shuka likigusa vidole tu anaruka. Unamwandikia parasetamoli. Anarudi. Unampa diklofenaki. Anarudi tena, sasa unaanza kumshuku kwamba anajidekeza. Jamani! Neva yenyewe ndiyo iliyoharibika, na kwa maumivu ya aina hii dawa hizo hazifui dafu. Tena tatizo halibaki mguuni. Linapanda mpaka kwenye uti wa mgongo na kuweka makazi huko.

Mwaka 2003 Makoto Tsuda, Kazuhide Inoue, Michael Salter na wenzao walitoa utafiti ambao sitachoka kuusimulia. Walichukua maikroglia, yaani seli za kinga za mfumo wa neva, wakaziamsha maabara kwa kemikali iitwayo ATP, kisha wakazidunga kwenye uti wa mgongo wa panya ambao neva zao hazikuwa na jeraha lolote. Saa chache baadaye wakawagusa unyayo kwa uzi mwembamba, mguso ambao panya mzima haujali kabisa. Panya wakarudisha mguu nyuma kama waliochomwa! Neva nzima, ngozi nzima, na bado maumivu yapo.

Mtaniuliza, seli ya kinga inamuumizaje mtu? Jibu lilikuja 2005. Maikroglia zilizoamshwa hutoa protini iitwayo BDNF, nayo huzifanya seli za neva zilizo pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, pale taarifa za maumivu zinapopokelewa, zishindwe kusukuma kloridi, chembe zenye chaji hasi, nje. Kloridi ikijaa ndani, GABA, kemikali ya neva ambayo kazi yake ni kutuliza, hukosa nguvu; wakati mwingine huchochea kabisa. Unakanyaga breki, gari linaongeza mwendo.

Kuna mtu pale nyuma ananong'ona: "Hao ni panya tu." Sawa, tena nikuongezee silaha. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha McGill, walionyesha kwamba ukizizima maikroglia, panya dume anapata nafuu, jike anaendelea kuumia vilevile. Kwa jike inaonekana seli T, aina nyingine ya seli za kinga, ndizo zinazobeba kazi hiyo. Na sisi miaka yote tulikuwa tukipima madume, ilhali wengi wa wenye maumivu sugu ni wanawake! Dawa ya propentofilini nayo, iliyotuliza maikroglia kwa wanyama, ilipojaribiwa kwa watu wenye maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, haikufaa kitu.

Basi tunabaki na dawa tulizonazo. Amitriptilini na duloksetini huzipa nguvu njia zinazoshuka kutoka ubongoni kuutuliza uti wa mgongo. Gabapentini iliundwa ifanane na GABA, lakini haishiki hata vipokezi vya GABA. Yenyewe na pregabalini hushika milango ya kalsiamu kwenye seli za neva. Uchambuzi mkubwa wa 2015 ulikuta kwamba kwa pregabalini unatibu watu kati ya 7 na 8 ndipo mmoja apate nafuu ya maana kutokana na dawa yenyewe. Kwa kundi la amitriptilini, kati ya 3 na 4.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: gabapentini hutoka kupitia figo, kwa hiyo figo zikiwa dhaifu punguza dozi, usiikatishe ghafla, ukiichanganya na mofini, chunga pumzi ya mgonjwa. Lidokaini ya kubandika, ile dawa ya ganzi, mtaniuliza nje.