Jogoo wa Mnada

MAMA UPENDO: Bwana asifiwe, wapendwa wasikilizaji.

MWALIMU: Amina. Mnisamehe sauti, tangu Jumapili silali.

MAMA UPENDO: Ameanza.

MWALIMU: Waambie ulichonifanyia.

MAMA UPENDO: Nilikwenda usharikani kwake, kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Ninyi Walutheri ibada ikiisha mnatoka nje, mnada wa sadaka. Ndizi, mayai, miwa. Mzee wa kanisa akanyanyua jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, shingo juu kama diwani. Nikasikia ndani yangu: mnunulie Mwalimu.

MWALIMU: Shilingi 80,000!

MAMA UPENDO: Alianzia 15,000. Kuna baba wa kwaya alikuwa anapandisha.

MWALIMU: Baba yule ana banda. Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Jogoo analala bafuni, saa tisa usiku anawika, jirani anagonga ukuta. Huyo Roho hakujua ninapokaa?

MAMA UPENDO: Petro naye aliwikiwa, akatubu.

MWALIMU: (anacheka) Sasa ndiyo mada yetu ya leo, Neno na uongozi wa Roho. Nina masomo manne. La kwanza, Waberoya, watu wa mji wa Beroya, Matendo 17:11. Wanahubiriwa na Paulo mwenyewe, bado kila siku wanayachunguza Maandiko kuona kama ndivyo yalivyo. Luka, mwandishi wa Matendo, anawasifu, hasemi walikuwa wagumu wa mioyo. Kama Paulo alichunguzwa, wewe na jogoo wako...

MAMA UPENDO: Nipe mstari unaokataza jogoo.

MWALIMU: Haupo.

MAMA UPENDO: Basi nimepita mtihani wa Beroya.

MWALIMU: Hapana! Kutokukatazwa si kutumwa. Ungesema "nimekupenda, shika kuku", ningeshukuru, ningemchinja Jumatatu. Umesema "Roho amesema". Sasa mke wangu anaogopa hata kuchemsha maji.

MAMA UPENDO: (anacheka sana) Mwambie achinje!

MWALIMU: Ndipo ninapokuja. Kuna binti ametuandikia. Posa imepokelewa, mahari imelipwa nusu, mama mmoja wa kikundi cha maombi akaota ndoto: Bwana amesema usiolewe naye. Hakuna sababu, hakuna andiko. Binti amevunja uchumba, na sasa anauliza kama alimtii Mungu au alimtii yule mama.

MAMA UPENDO: Hilo zito.

MWALIMU: Mimi nasema neno la namna hiyo halimfungi mtu. Biblia inatosha kumpima mchumba: imani yake, tabia yake, anavyokaa na watu.

MAMA UPENDO: Inatosha kumpima. Haikutajii jina lake. Paulo alitaka kuhubiri jimbo la Asia, na kuhubiri ni agizo la Bwana, Roho akamkataza, akaitwa Makedonia. Matendo 16. Angekaa na andiko peke yake angeendelea na safari, na Makedonia wangengoja.

MWALIMU: Aliyekatazwa ni Paulo na wenzake waliokuwa safarini. Hakuja mtu wa pembeni na ndoto yake.

MAMA UPENDO: Na nabii Agabo je? Matendo 21. Alichukua mshipi wa Paulo akajifunga mikono na miguu: mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Na ikawa.

MWALIMU: Angalau Agabo alichukua mshipi, hakuleta kuku. Na angalia Paulo alifanya nini: alikwenda! Watu wanalia, yeye anakwenda. Neno la mtu mwingine halikumzuia.

MAMA UPENDO: Usiruke mstari wa 4. Wanafunzi wa Tiro walimwambia asiende, na Luka anaandika ilikuwa kwa Roho.

MWALIMU: Na katika 20:22 Paulo anasema amefungwa rohoni kwenda huko huko. Kwa hiyo Roho anasema nenda na usiende? Roho aliwaonyesha mateso, "usiende" wakaiongeza wao kwa huruma.

MAMA UPENDO: Hilo umeliongeza wewe. Luka hajaandika hivyo.

MWALIMU: Nafasiri andiko kwa andiko.

MAMA UPENDO: Unamtetea Paulo ili usiguswe na mtu.

MWALIMU: Mama Upendo!

MAMA UPENDO: Nasema kweli. 1 Wathesalonike 5, msimzimishe Roho, msitweze unabii, ndipo jaribuni mambo yote. Ninyi mnaanzia kwenye kujaribu, na hapo hapo mnamalizia.

MWALIMU: Na ninyi hamfiki huko. Bibi yangu wa Bukoba aliokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Mambo ya deni, ya ndoa, waliyaleta kwenye ushirika, ndugu wakayasikia na kuuliza. Huyu mama alimwita binti pembeni, uani, wawili tu.

MAMA UPENDO: Hapo kwenye uani nakubali. Kwenye Agabo sikubali.

MWALIMU: Nami sikubali.

MAMA UPENDO: Kijana wa mitambo anatuonyesha vidole viwili.

MWALIMU: Dakika mbili? Sijagusa somo la pili! Kulikuwa na 1 Wakorintho 14:29, manabii wanene na wengine wapambanue...

MAMA UPENDO: Wiki ijayo.

MWALIMU: Ulisema hivyo kwenye kipindi chetu cha mada ya kufunga na kuomba.

MAMA UPENDO: Binti je, tumwambie nini?

MWALIMU: Amrudie kijana, wazungumze.

MAMA UPENDO: Aombe kwanza.

MWALIMU: Wazungumze kwanza! Kijana wa watu amelipa mahari.

MAMA UPENDO: Mwanangu, omba kwanza. Kwaherini.