Bei ya Kitabu Huamuliwa Kabla Bumu Halijatoka

Mhadhara uliotolewa Bagamoyo kwa wahadhiri, wakutubi na viongozi wa madarasa

Wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana habari za mchana.

Nianze na fedha, yaani bumu: mkopo unaomfikia mwanafunzi wa chuo mkononi. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukimtengea mkopaji hadi shilingi 200,000 kwa mwaka kwa vitabu na vifaa vya kuandikia. Mwenye kozi kumi kwa mwaka anabaki na 20,000 kwa kila kozi, kabla hajanunua hata kalamu. Kitabu kipya cha fizikia kilichoagizwa nje hakipatikani kwa fedha hiyo, na anayekifuata Dar es Salaam anaongeza nauli. Ndiyo maana anakimbilia madesa, zile kopi za notsi na vitabu. Tusimlaumu. Bei imeshaamuliwa kwenye muhtasari wa kozi, pale mhadhiri alipoandika toleo jipya kabisa na neno "lazima".

Kwa hiyo mhadhiri ndiye wa kwanza kufanya kazi. Kabla ya kuandika jina la kitabu, atazame kama kipo cha leseni huria, yaani ambacho mwenyewe ameruhusu kinakiliwe na kusambazwa. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, imekuwa ikitoa vitabu vya bure tangu 2012: fizikia, baiolojia, takwimu, uchumi. Si lazima kilingane na kozi nzima. Sura sita zinazofaa zinatosha. Mifano yao mingi ni ya Marekani, dola na maili, hivyo ya kwetu tuiongeze wenyewe. Kwa sheria, tovuti ya TanzLII inaweka hukumu na sheria za Tanzania bila malipo.

Matoleo ya zamani? Kwa kalkulasi au mekanika, toleo la miaka kumi nyuma halina ubaya. Kwa kodi ni mtego, kwa sababu Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka na viwango hubadilika. Tatizo jingine la toleo la zamani ni namba: "fanya swali la 7, ukurasa wa 212" humpeleka nusu ya darasa kwenye swali jingine. Mhadhiri aliandike swali lenyewe.

Sasa steshenari, ambako fedha nyingi hupotea. Tuchukulie sura zenu sita zina kurasa 160, na duka linatoza shilingi 100 kwa uso. Ukiprinti ukurasa mmoja kwa kila uso, ni 16,000. Ukiweka kurasa mbili kwa uso, pande zote mbili, ni karatasi 40, yaani nyuso 80: 8,000, na spairo juu yake. Mkinunua rimu yenu ya karatasi 500 mnapata nakala 12, na 20 zinabaki kwa zitakazoharibika. Zitaharibika tu.

Lakini kurasa mbili kwa uso hupunguza herufi: pointi 10 hushuka hadi 7, na vipeo vya hesabu havisomeki. Kata kwanza pambizo nyeupe kwenye faili, ndipo uprinti. Ukifunga spairo upande mfupi, chagua kwenye mipangilio ya kuprinti kugeuza kwa ubavu mfupi (flip on short edge). Ukikosea, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Jaribu karatasi mbili kabla ya kuagiza 40. Grafu za rangi ni balaa kwa mashine nyeusi, kwani mstari mwekundu na wa bluu hutoka sawa. Hizo zitazameni kwenye simu.

Na huku pwani, rimu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, karatasi hujikunja na kukwama kwenye mashine. Ifungeni ndani ya mfuko. Gundi nayo huachia upesi. Spairo hudumu zaidi.

Leseni msizipuuze. Vitabu huria vingi hubeba leseni za Creative Commons, kwa kifupi CC. CC BY inaruhusu kunakili, kubadilisha, hata kuuza, mradi mwandishi atajwe. Ikiwa na NC (si kwa biashara), usiuze kwa faida; ikiwa na ND (bila kubadilisha), usisambaze uliyoibadilisha. Kutoa kopi ya kitabu kizima cha kibiashara ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na mwenye duka anajiingiza matatani pamoja nanyi.

Kwa wakutubi nina mawili. Nakala mbili za kila kitabu cha lazima zikae kaunta, zisomwe humo humo kwa saa tatu tatu. Nakala moja iliyoazimwa wiki mbili imemfaa mtu mmoja. Pili, Research4Life, mpango unaofungulia taasisi majarida na vitabu vya kitaaluma mtandaoni. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake huingia bure, lakini anayejisajili ni taasisi, mwanafunzi peke yake hawezi. Nywila ikikaa kwenye droo ya ofisi, ni sawa na kutokuwa nayo.

Viongozi wa madarasa, faili zipakueni kwa intaneti ya chuo, mgawane kwa flashi. Msichome bando mara arobaini kwa faili moja. Orodha ya sura iombeni kwa mhadhiri wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa, maana wiki ya kwanza foleni ya steshenari inafika barabarani.