Namna ya Kumsafisha Meno Mtu Mwenye Ulemavu wa Akili Kituoni

Karibuni, ndugu walezi wa hapa Bukavu na wa kwingineko. Leo tunaonyesha kazi ambayo katika vituo vingi hufanywa mbiombio kabla ya chai ya asubuhi, na kwa sababu hiyo wengi tunaowalea huuogopa mswaki.

Tayarisha mswaki laini wenye kichwa kidogo, dawa ya meno yenye floridi, yaani madini yanayokinga meno yasioze, na taulo. Kila mmoja awe na mswaki wake mwenyewe. Hapa tumefunga uzi wa rangi kwenye mpini, kwa kuwa wengi hawasomi jina lakini rangi yao wanaijua.

Mketishe wima, asilale, maana akilala povu linaweza kumpalia. Simama ubavuni kwake, nyuma kidogo, na kichwa chake kiegemee kwako. Usianze na mdomo. Tazameni mkono wa Mama huyu: mswaki unagusa kiganja cha kijana, kisha shavu, kisha midomo, naye anamwambia kila anachofanya kabla ya kukifanya. Kijana amebana midomo. Mama anasubiri. Siku za kwanza, kufika hapo kunatosha. Kumkamata kwa nguvu kutakugharimu miezi.

Mdomo ukifunguka, weka dawa kiasi cha punje ya njegere, au chembe tu kwa asiyeweza kutema. Laza mswaki pale jino linapokutana na fizi, uuzungushe taratibu nje, ndani na juu ya magego, kwa dakika 2. Usipitishe kidole katikati ya meno, kwani akishtuka atauma bila kukusudia. Damu kidogo isikufanye uache: fizi iliyovimba ndiyo inayohitaji zaidi kusafishwa, kwa upole. Mwishoni ateme tu, bila kusukutua, ili floridi ibaki.

Anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa anaweza kuota fizi hadi zikafunika meno. Usimwachishe dawa; mpeleke kwa daktari.

Asiyeweza kusema huonyesha maumivu kwa njia nyingine: anakataa bugali, anajipiga shavu, halali. Inaniuma kuona mtu wa namna hiyo akiitwa mkaidi. Kabla ya kumkemea, mwangalie mdomoni kwa taa ya simu.

Jioni, kabla hajalala, rudia yote. Hata wa asubuhi ukikosekana, mswaki wa jioni usikosekane.