Ombi la Mwenye Megabaiti Mbili

Mkuu wa chuo, walimu, na nyinyi wanafunzi, habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini, ila mwalimu wenu ameninong'oneza kwamba umeme wa hapa hauna ahadi, kwa hiyo nikienda mbio mtanisamehe. Mimi si profesa. Ni fundi, nina kibanda jirani na stendi, na kazi inayonilisha ni ile mnayoiita kupiga windo. Mashine inaletwa imekufa, inarudi kwa mwenyewe ina mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoendesha mashine nzima, kama Windows.

Niliposikia mada ni mambo ambayo watumiaji wanayataka katika toleo lijalo la mfumo endeshi, nikaona nisije mikono mitupu. Mwezi mzima kila mteja aliyeleta mashine nilimuuliza: ukipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja, utaomba nini? Majibu nimeyaandika nyuma ya daftari la risiti, hili hapa. Tutalifungua. Lakini swali hilo sikulibuni mimi. Lilishaulizwa Finland kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo ambao Profesa Andrew Tanenbaum aliutunga kwa ajili ya kufundishia. Aliwaambia anatengeneza mfumo endeshi, huu uliokuja kuitwa Linux, ni jambo la kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Kisha akawauliza wangependa uwe na nini. Akamalizia kwamba mapendekezo anayapokea, ila kuyatekeleza haahidi. Mimi hapo ndipo ninapompendea. Siku hizi kila kampuni inakuahidi.

Mashine ya Torvalds ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti nne. Kwake zilitosha. Sasa akatokea mtumiaji mmoja wa Ujerumani, yeye ana megabaiti mbili, na kila akijaribu kukompaili kiini cha Linux, yaani kuugeuza msimbo wake uwe programu inayofanya kazi, kumbukumbu inajaa na kazi inagoma. Akaomba asaidiwe. Shida ile haikuwa ya Torvalds hata kidogo. Lakini Krismasi ya mwaka huohuo, wenzake wanakula sikukuu, yeye akakaa kuandika msimbo wa kuhamishia kwenye diski ile sehemu ya kumbukumbu ambayo kwa wakati huo haina kazi.

Mama ntilie mwenye meza fupi mnamjua. Wali na maharage viko juu, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa. Sufuria ya samaki iko chini ya benchi, imefunikwa. Akija mteja wa samaki, maharage yanashuka, samaki anapanda. Meza haijaongezeka hata inchi moja, na chakula cha meza mbili kimeuzwa. Gharama yake ni kuinama. Ile hali ya mashine kuganda huku taa ya diski inamemeteka bila kupumzika, ndiyo hiyo, mama anainama na kuinuka.

Minix haikuwa na kitu hicho. Mwanzoni mwa 1992 watumiaji wa Linux wakaanza kuongezeka, na Torvalds mwenyewe amesimulia kwamba kipengele kile kilichangia. Kumbe aliyeusogeza mfumo mbele ni mtu mwenye mashine dhaifu kuliko ya fundi wake. Nawaomba mkae na jambo hilo wakati nafungua daftari.

Ukurasa wa kwanza, mwalimu mstaafu: "Nirudishie ile ya zamani." Anayefuata, kijana wa duka la vipuri: "Isibadilike tena." Anayefuata: "Ile ya zamani." Mnaona? Umemuuliza mtu habari za kesho, anakujibu ya jana. Zamani nilikuwa nawacheka wateja wa aina hii. Siku hizi siwacheki.

Oktoba 2012 Microsoft walitoa Windows 8 bila kitufe cha Start, kile cha kufungulia menyu ya programu, ambacho watu walikuwa nacho tangu Windows 95. Hawakukiondoa kwa kukurupuka. Walikuwa na takwimu kutoka kwenye mashine za watu, zinazoonyesha kwamba menyu ile inafunguliwa mara chache kuliko zamani, kwa kuwa watu walishazoea kubandika programu zao kwenye upau wa chini. Hesabu yao sina ugomvi nayo. Ila nyumbani kwangu kuna mlango wa uani. Ukikaa pale na kalamu utaandika napita mara moja kwa siku, na siku nyingine sipiti kabisa. Sasa njoo uuzibe kwa tofali, halafu unionyeshe hesabu yako!

Mwaka uliofuata, katika 8.1, kitufe kikarudi. Ukikibonyeza kinakupeleka kwenye skrini ya vigae, ileile iliyokuwa imechukua nafasi ya menyu. Yaani wamekurudishia kitasa, na nyuma ya kitasa bado kuna tofali. Menyu yenyewe ikasubiri Windows 10, Julai 2015. Ungesema somo limeeleweka. Windows 11 ikatoka Oktoba 2021 na upau wa chini ulioandikwa upya: kuuhamishia ubavuni mwa skrini huwezi, kuburuta faili ukalidondosha juu ya programu iliyopo kwenye upau huwezi. Kuburuta kukarudi 2022. Madirisha kukaa kila moja na jina lake, badala ya kurundikwa pamoja, kukarudi 2023. Na yote hayo yakaingia kwenye orodha ya mambo mapya. [Kicheko.]

Nyinyi wa Linux huko nyuma msicheke sana. Kwenu sura ya madirisha na menyu mtu huchagua mwenyewe: kuna KDE, GNOME, Xfce. KDE 4.0 ilipotoka Januari 2008 ikiwa mbichi, mmoja wa waliokimbia ni Torvalds huyohuyo. Akahamia GNOME. Aprili 2011 GNOME nao wakatoa toleo la tatu, wakapindua kila kitu, Torvalds akalalamika hadharani, akahamia Xfce. Mwenye nyumba anahama chumba hadi chumba akitafuta kiti chake. Tofauti ni moja tu: kwenye programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ukinyang'anywa unaweza kujirudishia. Mwaka huohuo wa 2011 mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2 uliokuwa umetelekezwa, akauendeleza, akauita MATE, jina la kinywaji cha majani ambacho kwao kinanywewa kama sisi tunavyokunywa chai. Upo hadi leo, na mimi huwawekea wazee wenye mashine nzito.

Turudi kwenye daftari. Jibu hili sikuliandika mimi, mwenyewe alichukua kalamu. Ni dada mwenye steshenari. Siku ya mwisho ya wanafunzi kukusanya ripoti za mafunzo kwa vitendo, foleni imefika barabarani, mashine yake ikajizima na kuanza kujisasisha. Mfumo gani sisemi. Nilifika nikakuta asilimia 27. Watu kumi na kitu wamesimama wanaitazama ile namba kama watu wanaotazama penalti. Hakuna anayeongea. Dada ananiuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, nikichomoa?" Nikamwambia dada yangu, ukichomoa hapo, kesho utaniita kwa kazi kubwa zaidi. Ikafika 28. Kijana mmoja akaguna, akaenda kutafuta steshenari nyingine, akarudi, ikawa 31. Ombi lake dada kwenye daftari ni maneno mawili: "Iniulize kwanza."

Sasa nitawatetea watengenezaji kidogo, maana na wao wana yao. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu fulani la usalama. Mei ya mwaka huo programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu lilelile, ikafunga mafaili ya watu nchi baada ya nchi na kudai fidia ya Bitcoin. Hospitali za umma za Uingereza zikarudi kuandika kwa mkono. Kiraka kilikuwepo miezi miwili, mashine hazikuwekewa. Ukiwa umeona hayo, unaelewa kwa nini mtu anakulazimisha.

Ila kuna kulazimisha na kuna kutojua unayemlazimisha anaishije. Wanaoandika mifumo hii wengi wao intaneti yao haina mita. Hapa kwetu mtu ana bando la siku moja, anawasha hotspoti ya simu atume barua pepe moja ya maombi ya kazi, na laptopu inaona hiyo ndiyo nafasi iliyokuwa ikiisubiri. Dawa ipo. Tangu Windows 8 kuna mahali pa kuiambia mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na Ubuntu wanayo vilevile. Tangu 2019 hata mwenye Windows 10 ya nyumbani anaweza kusimamisha masasisho hadi siku 35. Lakini swichi ya kipimo imezama ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, na ukiunganisha hotspoti nyingine unaanza upya. Kwa miaka yote niliyokaa kibandani, mteja aliyekuja akiwa ameshaiwasha mwenyewe sijampata. Ningekuwa mimi, siku ya kwanza mashine inapowashwa, kabla haijauliza jina lako, iulize: unatumia bando?

Kuhusu umri wa mashine, majibu ni mengi na yote ni mamoja: "Ikubali laptopu yangu." Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kijichipu cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, na chache tu za kabla ya hapo. Nyingi ya laptopu za mtumba zinazopita mikononi mwangu hazifiki hapo. Kioo kizima, kibodi nzima, betri inakaa saa tatu, na mashine inaambiwa haistahili.

Hata Linux ina mwisho wa uvumilivu, nisiwadanganye. Torvalds alianzia kwenye prosesa ya 386. Desemba 2012 msimbo wa kuihudumia 386 ulifutwa kwenye kiini, na yeye akasema wazi kwamba hana machozi ya kulilia. Lakini hapo ilikuwa imepita miaka 21, na mashine hizo huzikuti tena kazini. Hizi za kwetu ziko kazini leo, zimewekewa ripoti za wanafunzi na mahesabu ya duka.

Kiswahili kimeombwa mara chache, na hilo liliniuma kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, tangu Desemba 2004, na Windows nayo ina Kiswahili. Watu hawaweki. Mimi naona tulianza na yasiyo na shida. Tukabishana kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, tukatafsiri menyu ambazo mtu alishazikariri kwa Kiingereza. Wakati anaponipigia simu usiku ni pale kisanduku kinapotokea na sentensi tatu asizozielewa, na vitufe viwili, hajui kipi kitamfutia kazi. Mwandikieni hicho kisanduku kwa Kiswahili cha mtu mzima. Menyu zinaweza kusubiri.

Nimeambiwa hapa kuna wanaosoma uandishi wa programu. Basi kabla ya maswali nalizungusha hili daftari. Andika ombi moja tu, na ukubwa wa kumbukumbu ya mashine yako pembeni, kwa sababu nitaanza kusoma kutoka kwa mwenye ndogo kuliko wote. Kalamu nimeifunga na uzi, ibaki hapo hapo.